Sekunde 4 za mwisho, marefa wawili, ishara mbili tofauti. Nani anasikilizwa?

mwana_wa_Chumbageni
Wakuu kwema? Jumamosi hapa Tanga mjini kulikuwa na mechi ya kikapu, bonanza la mtaa tu lakini watu walijaa utadhani fainali. Uwanja wa saruji hauna taa kwa hiyo ikikaribia magharibi mechi inaisha upende usipende, na siku hiyo tulichelewa kuanza kwa sababu ya mvua. Timu sizitaji, wanaojua wanajua.

Robo ya nne, imebaki sekunde 4, wageni 61 wenyeji 60. Mgeni katoka kutupa mitupo huru miwili, wa kwanza kakosa wa pili kaingiza. Wenyeji wakaomba taimauti, walipotoka kocha wao akachagua mpira uanzie mbele, pale kwenye mstari wa kurushia ng'ambo ya meza ya mtunza muda. Mpira ukarushwa, dogo akapokea, akadunda mara moja akaruka karibu na kona ya kushoto, ndani kidogo ya mstari wa pointi tatu. Mpira ushatoka mkononi ndo chuma kikalia ting! (hapa kwetu honi ni kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mwarobaini, msicheke). Mpira ukaingia.

Sasa refa wa nyuma kashusha vidole viwili, pointi mbili zinahesabika. Refa wa chini ya ringi muda huohuo anakata mikono kifuani, hakuna kitu. Mechi moja ishara mbili. Mashabiki wa wenyeji washaingia uwanjani wamembeba dogo, wageni nao wanarukaruka kwao, marefa wakaanza kubishana katikati ya watu, mwisho refa namba moja ambaye ndo huyo wa chini ya ringi akasema hakuna goli, wageni wameshinda.

Swali: marefa wakitofautiana sekunde ya mwisho sheria inasemaje, nani anasikilizwa? Naomba wenye kujua, ushabiki pembeni.

Kipara_wa_Ngamiani
Nilikuwepo, nimesimama upande wa meza kwa muuza mihogo. Dogo alikuwa bado kaushika. Ting, ndo akaachia. Wenyeji tumefungwa tukanywe kahawa yaishe.

chungwa_la_Muheza
We Kipara muda ule ulikuwa unagombea chenji na muuza mihogo, mimi nilikuwa nyuma yako hapohapo 😂 hukuona hata nani kapewa pasi

Kipara_wa_Ngamiani
Masikio yanakula mihogo? Nilisikia.

kocha_asiye_na_timu
Mleta uzi umeuliza swali zuri, ila nakuonya jibu lake lina pande mbili na zote zimo kwenye kitabu cha sheria cha FIBA, shirikisho la kikapu la dunia.

Kwanza, kitabu kinasema refa yeyote hana mamlaka ya kufuta au kuhoji maamuzi ya mwenzake aliyoyafanya ndani ya majukumu yake. Na mkiwa marefa wawili, mtupo wa mwisho ni jukumu la nani? La refa wa nyuma. Yule wa chini ya ringi kazi yake pale ni miili, nani kamsukuma nani, nani kamkanyaga nani, macho yake hayatakiwi hata kuufuata mpira hewani. Wa nyuma ndo ana picha pana, anauona mkono wa mtupaji na anasikiliza honi. Kwa hapo ishara ya wa nyuma ndo ilikuwa ishara, huyu mwingine alitakiwa mikono yake ikae mfukoni.

Pili, kitabu hikohiko kinasema refa kiongozi, yaani namba moja, ndo mwenye uamuzi wa mwisho panapohitajika au marefa wakikosa kukubaliana, na anaweza kuwauliza mwenzake, kamishna kama yupo, na watu wa meza. Kwa hiyo wakishagongana, namba moja akisema hakuna, basi hakuna.

Ila soma vizuri hapo. WAKISHAGONGANA. Hicho kipengele ni cha kuzima moto, mtu makini hauwashi ndo akaanza kutafuta maji. Wale walitakiwa wakimbiliane kwanza, waongee maneno matatu, ndo ishara moja itoke. Mimi nimefundisha vijana miaka kadhaa na nawaambia marefa wetu kila siku, sekunde ya mwisho ishara ni kama jiwe, ukishalirusha hulirudishi mkononi.

BagamoyoMjini
Huku Bagamoyo tuna kauwanja kama hako hako, tofauti yetu sisi hata hicho chuma hatuna, mtunza muda anapiga kelele "imekwishaaa" na kila timu inasikia inachotaka. Swali la kizushi wakuu, kwanini marefa wa kikapu wasivae vile vidude vya masikioni kama vya marefa wa soka? Wangenong'onezana tu mambo yakaisha.

chungwa_la_Muheza
Vidude vya masikioni na mpira wenyewe umeshonwa na fundi viatu? Haya mkuu changisha sisi tupo

kocha_asiye_na_timu
@BagamoyoMjini hata wakivaa, kidude hakimfundishi mtu aseme nini. Nimeona marefa wamesimama mita moja na nusu na wanaongea vitu viwili tofauti, mmoja anasema "alikuwa nje", mwenzake anajibu "ndio ndio" akidhani anaongelea mguu kumbe mwenzie anaongelea muda.

Ishara za kuzungumza zipo tangu zamani na ni bure. Dole gumba juu kwa mfano ni ishara rasmi kabisa ya FIBA ya mawasiliano, nimekuona, niko tayari, endelea. Wakipiga filimbi wote wawili kwa pamoja, kila mmoja anasimama na mkono juu bila kuongeza kitu, wanatazamana, aliyekuwa eneo lake ndo anaendelea. Na kabla ya kumpa mtu mpira arushe, unatazama mwenzako, unatazama meza, meza ikikuonesha iko tayari ndo unatoa mpira. Hiyo yote haihitaji chaji.

Hashimu_wa_mchongo
Video je? Siku hizi kila mtu ana simu, mimi nina uhakika kuna mtu alirekodi. Wangeangalia tu.

kocha_asiye_na_timu
Simu ya shabiki pale uwanjani haina kazi kaka. Marudio yanakubalika pale tu mtambo upo na refa kiongozi kaukagua na kuukubali kabla mechi haijaanza. Sasa wewe ulete simu yako ina ufa katikati, video imeanza dogo keshabebwa juu.

Na hata huko kwenye mitambo, kwanza ubao una taa nyekundu pembeni zinawaka muda ukiisha, na taa na honi zikipishana taa ndo inafuatwa, maana sauti inachelewa, inazibwa na kelele. Sisi tuna reli na mwarobaini. Ndo maana nasema kadri vifaa vinavyopungua ndivyo midomo na macho ya marefa yanatakiwa yafanye kazi zaidi. Huku kwetu ni kinyume, vifaa hakuna na kuongea hakuna.

mchezaji_mstaafu_goti
Kama mchezaji wa zamani niseme kitu. Sisi uwanjani tunajua marefa wasipoongea. Unaona taimauti imeitwa, mmoja kaenda kunywa maji, mwingine anabishana na kocha, wanarudi kila mtu kivyake. Hapo mchezaji mjanja anajua sekunde zijazo ni bahati nasibu, unaingia kwa nguvu unategemea wakosane. Nilifanya hivyo mara nyingi mno Mungu anisamehe.

Mzee_wa_Raskazone
Vijana wangu hamjambo. Nimesoma mjadala wote nimecheka kisha nimekumbuka mbali.

Haya mnayoyasema yaliwahi kutokea kwenye fainali ya Olimpiki, Munich mwaka 1972, Marekani na Umoja wa Kisovieti. Mtu mmoja wa Marekani, Doug Collins, alifanyiwa faulo zikiwa zimebaki sekunde 3, akaingiza mitupo yote miwili, Marekani 50 Wasovieti 49. Sasa katikati ya mtupo wa pili honi ya meza ikalia. Makocha wa Kisovieti walisema wameomba taimauti, meza na marefa hawakuelewana, mpira ukaanza. Ukasimamishwa imebaki sekunde 1. Akashuka William Jones, katibu mkuu wa FIBA, kutoka jukwaani, akaagiza sekunde 3 zirudishwe zote.

Hapa ndo nataka mnisikilize. Mara ya pili, refa akatoa mpira ukarushwa wakati mtu wa saa BADO ANAIREKEBISHA SAA. Mpira ukakosa, honi ikalia, Wamarekani wakashangilia ubingwa. Wakaambiwa rudini, saa haikuwa sawa. Mara ya tatu Ivan Edeshko akarusha pasi kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule, Alexander Belov akaidaka akaweka ndani, 51 kwa 50. Refa mmoja alikuwa Mbrazili, Renato Righetto, mwenzake Mbulgaria, na Righetto alikataa kusaini karatasi ya mechi. Marekani wakakata rufaa, wakashindwa kwa kura 3 kwa 2, na zile medali za fedha hawakuzichukua mpaka leo.

Kwa hiyo msiwacheke marefa wenu wa bonanza. Ila mleta mada ngoja nikuulize wewe, maana wote humu mnaongelea chuma kilivyolia. Kilianza kuhesabu lini? Nani aliiambia meza ianze?

Kipara_wa_Ngamiani
Shikamoo mzee. Hilo la kuanza hata sijalifikiria

kocha_asiye_na_timu
Shikamoo mzee wangu. Umegonga penyewe, mimi mwenyewe nimerefuka kuandika juu ya mwisho nikasahau mwanzo.

Na mimi nina la kwangu kwa mleta uzi. Umeandika "mpira ushatoka mkononi ndo chuma kikalia" kwa uhakika kabisa. Kipara alikuwa upande wa meza kaona kinyume. Wewe ulikuwa wapi hasa?

mwana_wa_Chumbageni
Dah.

Haya wakuu. Mimi ndo nilikuwa refa wa nyuma.

Sikutaka kusema mwanzo maana nilijua mtanishambulia kabla ya kujibu swali. Nilishusha vidole viwili kwa sababu niliona mpira umetoka na mpaka sasa hivi naandika nina uhakika, nilikuwa hatua kama nne tu kutoka kwa dogo. Kilichoniuma mwenzangu kukata mikono wakati ule haukuwa mtupo wake wa kuangalia. Anasema alisikia ting akaona mikono ya dogo bado iko juu, sasa mikono si inabaki juu hata baada ya kuachia jamani, ndo kutupa huko.

Ila tangu mzee wa Raskazone aandike nimekaa kimya nusu saa nzima kabla sijajibu. Maana kuna kitu.

Ile taimauti mchezaji_mstaafu_goti kaielezea kama vile alikuwepo. Mwenzangu alienda kwa kocha wa wageni aliyekuwa anapiga kelele kuhusu faulo. Mimi nilibaki nimeushika mpira naangalia jua. Hatukukutana. Hatukusema tumebaki na sekunde ngapi, nani ana taimauti, timu ipi ina faulo ngapi, mshale wa zamu ya kupewa mpira uko kwa nani, nani anaangalia mtupo. Nilijua yeye anajua na yeye akajua mimi najua.

Alafu nikampa dogo wa kurusha mpira, nikaanza kuhesabu zile sekunde 5 zake, na akili yangu yote ikawa kwenye nani atapokea. Mpira ulipopokelewa mimi nilishaanza kukimbia kufuata.

Mkono sikushusha.

chungwa_la_Muheza
Mkono gani tena? Wengine sisi wa mikeka tu huku, fafanua

kocha_asiye_na_timu
Refa anayesimamia mrusho anakaa na mkono juu, saa imesimama. Mpira ukimgusa tu mchezaji yeyote aliye ndani ya uwanja, refa anakata mkono chini kama panga, na mtunza muda anaanzisha saa kwa kuuona huo mkono. Mpira ukiwa bado hewani unatoka kwa mrushaji, saa haitembei. Ndo sheria.

Kwa hiyo asiposhusha mkono, mtunza muda anakisia. Na pale mrusho ulikuwa ng'ambo ya meza, upana wa uwanja ni mita 15, katikati kuna wachezaji kumi wanasukumana.

Hashimu_wa_mchongo
Kwa hiyo refa kajifunga mwenyewe 😂😂😂 uzi umegeuka

mchezaji_mstaafu_goti
Acheni kumcheka, wangapi humu wangekuja kusema mkono sikushusha? Kila mtu angesema jua lilimpiga.

dada_saa
Nimetumiwa huu uzi na watu watatu. Mimi ndo nilikuwa na simu ya muda na mimi ndo niliyegonga hicho chuma mnachokicheka.

Kaka wa Chumbageni nakuheshimu lakini siku ile mlinikosea wote wawili. Mmekuja mezani mmehema, watu wamenizunguka mpaka daftari limekanyagwa, mkaniuliza "dada ulipogonga mpira ulikuwa mkononi au umetoka?" Mimi nitajuaje? Mtunza muda anaangalia muda! Mkitaka niangalie mpira nani aangalie simu? Nikawaambia sijui, mkanitazama kama nimefanya kosa, kaka namba moja akasema "basi hata meza haina uhakika" akaamua.

Kitu ambacho hakuna aliyeniuliza, na nilikuwa nacho kichwani, ni nilianzisha lini. Nilikuwa nakuangalia wewe. Jua lilikuwa nyuma yako limenipiga usoni, nimeweka kiganja hivi, nasubiri mkono wako ushuke. Nikaona mpira umeshatoka kwa mrushaji na mkono wako bado uko juu na wewe unageuka. Nikasema Mungu wangu, nikabonyeza. Mpira bado uko hewani unaenda kwa dogo. Ile pasi ilikuwa ndefu ya kupinda juu, maana alizibwa.

Kwa hiyo saa ilitembea kabla dogo hajaugusa. Ni muda kidogo, sijui ni kiasi gani na sitaki kusema kitu nisichokipima. Lakini ilitembea.

Kipara_wa_Ngamiani
Aaaah. Kwa hiyo mimi nilisikia sawa na chuma kililia mapema. Wote tulikuwa sahihi na wote tumepotea.

BagamoyoMjini
Hii kali. Wamebishana kama mpira ulitoka kabla ya ting kumbe ting yenyewe ndo yenye matatizo

kocha_asiye_na_timu
Dada pole sana na asante kwa kuja. Naomba niwaumize kidogo zaidi wote.

Makosa ya muda, ya pointi, ya hesabu za faulo yanaweza kurekebishwa na marefa wakati wowote kabla refa kiongozi hajasaini karatasi ya mechi. Akishasaini, imekwisha, hata angekuja malaika. Kwa hiyo pale mezani, dakika zote zile za kubishana, mlikuwa bado mna nafasi. Swali moja tu, "dada ulianzisha lini?", angewaambia haya aliyoyaandika hapa, na namba moja angekuwa na kitu cha kuamulia, sio kuchagua kati ya macho yake na ya mwenzie.

Na nahodha wa wenyeji naye angeweza kusaini ile sehemu ya malalamiko, ana dakika 15 tu baada ya mechi kuisha. Alifanya?

mwana_wa_Chumbageni
Nahodha alikuwa anatafuta kiatu chake, kilipotea wakati wanambeba dogo. Hakuna aliyekumbuka malalamiko.

Dada samahani. Nasema hapa mbele ya watu kwa sababu pale mbele ya watu ndo nilikutazama vile. Ni kweli tulikuuliza swali lisilo lako. Mimi nilitaka uniambie nimeona sawa, mwenzangu alitaka umwambie yeye kaona sawa, hakuna aliyetaka kujua wewe umeona nini.

dada_saa
Yameisha kaka. Ila mkono ushuke.

Mzee_wa_Raskazone
Mwanangu umefanya jambo la kiume kusema. Sasa mwenzako amesoma huu uzi?

mwana_wa_Chumbageni
Nimempigia mzee wangu, tumeongea muda mrefu kuliko tulivyoongea mechi nzima. Mwanzo alikuwa moto, anasema nimemchafua mtandaoni, nikamwambia sijataja jina lako na niliyejitaja ni mimi. Nikamsomea alichoandika dada. Akanyamaza. Alafu akasema kitu ambacho mimi sikukijua, kwamba alikata mikono kwa sababu alivyoniangalia mimi nilikuwa sijatoa ishara yoyote akadhani sikusikia ting, kwa hiyo akaona anaokoa jahazi. Yaani mimi nilikuwa nasubiri mpira uingie ndo nishushe vidole, kama inavyotakiwa, yeye kwenye ile nusu sekunde akasoma nimeganda.

Karatasi kashasaini, matokeo ni ya wageni, hatuna la kufanya. Wageni wenyewe walicheza vizuri nisiwanyime haki yao.

mchezaji_mstaafu_goti
Sasa hapo ndo ninapopataka. Mngekuwa mmeongea kwenye taimauti "mtupo ni wangu, wewe usitoe kitu mpaka nikuite" asingeokoa jahazi lolote.

kocha_asiye_na_timu
Ndio. Na maneno yenyewe ni machache, taimauti ni dakika moja, mnahitaji sekunde 20. Mimi nikisimamia vijana wa kujifunza nawalazimisha waseme kwa sauti hata kama wanaona aibu. Sekunde 4. Mpira wa wenyeji. Faulo za wageni tayari nne, inayofuata ni mitupo miwili. Taimauti wenyeji hawana, wageni moja. Mshale kwa wageni. Mtupo wangu. Nikiwa na shaka nakuja kwako, wewe ukiwa na uhakika unanifuata ila mikono chini. Na mkiwa na akili mnaongeza moja ambalo wengi wanalisahau, mrushaji akiwa bado kaushika mpira nje na mtu wa ulinzi akamfanyia faulo mshambuliaji ndani, dakika mbili za mwisho, tangu mabadiliko ya 2022 huo ni mtupo mmoja na mpira unarudi kwao. Nimeona marefa wawili wazima wanatazamana kwenye hiyo kama wameulizwa hesabu za logi.

Mkikutana baada ya tukio pia mnaulizana "umeona nini", msianze na "ilikuwa goli". Ukianza na goli mwenzako anaanza kujitetea. Ukiuliza ameona nini atakwambia aliuona mkono, au alisikia tu, au hakuona. Mara nyingi mmoja hakuona. Na kusema sikuona ni taarifa vilevile, inasaidia.

Na mtu wa meza mnaenda kwake mkiwa wawili tu, mashabiki nje ya mstari, mnamuuliza kitu kilicho kazini kwake.

Hashimu_wa_mchongo
Mkuu wewe mbona huna timu, jina linanisikitisha

kocha_asiye_na_timu
Nilikuwa nayo. Niliwaambia ukweli kuhusu mazoezi ya saa kumi na moja alfajiri.

BagamoyoMjini
Nimescreenshoti hayo maneno yote nimewapelekea marefa wetu wa huku, mmoja kanijibu "sisi tunaelewana kwa macho". Nikamuuliza macho yalisemaje mechi ya mwezi uliopita ile iliyoishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Kanisoma hajajibu.

dada_saa
Ya macho na mimi nina la kusema. Mnaelewana kwa macho mkitazamana. Nyie mkipata presha mnatazama ringi wote. Mimi pale mezani nakuwa na watu wawili wamenipa mgongo na simu ina asilimia 9.

Jumamosi ijayo naomba haya: meza ihamie upande wa pili jua liwe mgongoni kwangu, na kabla hujatoa mpira unitazame nikupe dole gumba. Nisipokupa usitoe. Hata kama kocha anapiga kelele, hata kama adhana imekaribia.

mwana_wa_Chumbageni
Nimekubali yote. Mwenzangu naye kakubali, tumepanga tukutane saa tisa kabla ya mechi, hapohapo uwanjani, watatu, na dada atakaa katikati.

Kipara_wa_Ngamiani
Mihogo nanunua mimi. Na safari hii nasimama upande wa pili, nataka kuona sio kusikia.

dada_saa
Jamani kuna tatizo jingine. Nimepita pale uwanjani jioni hii, kile kipande cha reli hakipo, kamba tu inaning'inia kwenye mwarobaini. Nimeuliza watoto wanasema alipita mtu wa chuma chakavu na mkokoteni.

chungwa_la_Muheza
😂😂😂😂 ushahidi umeuzwa kwa kilo

Hashimu_wa_mchongo
Nina honi ya bodaboda na betri yake. Sauti yake hata Pangani wanasikia. Ila mtaniwekea mafuta ya kuja na kurudi.

dada_saa
Niletee Ijumaa nikaijaribu. Na uje na waya wake wote sio nusu.